Seneta wa Springfield: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Obama kabla hajafahamika

Mwaka 2008 mama yangu alinunua doti ya kanga yenye picha ya Barack Obama katikati na maandishi "Hongera Barack Obama". Ilipofuliwa ikapauka, tulikuwa tumeshabishana nyumbani mara nyingi kuhusu jambo moja: huyu bwana alikuwa nani kabla ya hapo? Watu wengi wanaanza hadithi yake kwenye hotuba ya Boston mwaka 2004, kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democrat. Siku ile alikuwa tayari ana miaka saba na nusu kwenye bunge la jimbo, na alikuwa ameshashindwa uchaguzi mmoja vibaya sana. Maswali haya yanahusu miaka hiyo.

Mbona wengine wanasema alikuwa seneta tangu 1997, wengine 2005?

Wote wako sahihi, maana ni maseneti mawili. Kila jimbo la Marekani lina serikali yake na bunge lake. Illinois ina Seneti yenye viti 59 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 118, na vyote viwili vinakaa Springfield, mji mdogo ulio kilomita 300 na kitu kusini-magharibi mwa Chicago. Huko ndiko Obama alikokuwa seneta kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Januari 2005 ndipo alipoingia Seneti ya taifa, ile ya Washington yenye watu 100.

Wasomaji wa Tanzania neno "jimbo" linawachanganya, kwa sababu kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Hapa jimbo ni Illinois nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12, na eneo la kila seneta nitaliita wilaya. Wakenya nao wana Seneti yao, ila hii ya sasa imekuja na Katiba ya 2010. Obama alipokuwa Springfield, Kenya haikuwa na seneta hata mmoja.

Alitokea wapi mpaka akafika Chicago?

Alizaliwa Honolulu, Hawaii, Agosti 4, 1961. Baba yake, Barack Obama mkubwa, alikuwa Mjaluo wa Kogelo aliyekwenda kusoma huko mwaka 1959, miaka ile mwanasiasa Tom Mboya alipokuwa akihangaika kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo Marekani. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa Mzungu aliyezaliwa Kansas. Baba alirudi Kenya, wakaonana tena mara moja tu, mtoto akiwa na miaka kumi. Alifariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Katikati hapo kijana aliishi Indonesia na mama yake, akarudi Hawaii kwa bibi na babu, kisha akasoma Los Angeles na New York.

Chicago alifika mwaka 1985, hana ndugu hapo wala mwenyeji. Aliajiriwa na makanisa ya upande wa kusini wa jiji, mitaa ambayo viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa, kazi yake ikiwa kuwakusanya wakazi wadai haki zao. Kampeni iliyosikika zaidi ilikuwa ya Altgeld Gardens, nyumba za serikali ambazo wapangaji waligundua zina asbestosi, madini ya nyuzi yanayoleta saratani. Kazi yenyewe ilikuwa ya viti vya plastiki kwenye kumbi za kanisa, mkutano umeitishwa saa moja jioni na waliokuja ni wanane.

Mwaka 1988 akaenda Harvard kusoma sheria, na 1990 akawa Mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la chuo hicho. Angeweza kwenda kampuni yoyote kubwa. Akarudi Chicago. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura iliyoandikisha watu wanaokadiriwa kufika 150,000, akamwoa Michelle Robinson, akaanza kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na baadaye akajiunga na ofisi ndogo ya mawakili wa kesi za haki za kiraia. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipojitafutia ukaazi. Chicago ni mji unaokuuliza nani amekutuma, na yeye hakuwa na wa kumtaja.

Ni kweli uchaguzi wake wa kwanza alipita bila kupingwa?

Kwenye mchujo, yaani uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea, ndiyo. Na hakuokota ushindi huo. Aliutafuta kwa mkono wake.

Kiti cha wilaya ya 13, yenye mitaa kama Hyde Park, ulipo Chuo Kikuu cha Chicago, na South Shore, kilikuwa cha mama mmoja aliyeheshimika sana, Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer alitaka kwenda Bunge la taifa, akamwachia Obama njia. Novemba mwaka huo akashindwa. Aliyeshinda ni Jesse Jackson Mdogo. Watu wa Palmer wakamwendea Obama: mama anarudi kwenye kiti chake, wewe kijana subiri zamu yako. Obama akakataa. Alisema ameshaanza kampeni kwa neno lake mwenyewe Palmer, na hatarudi nyuma.

Sasa, Illinois mgombea lazima alete saini za wadhamini walioandikishwa kupiga kura ndani ya wilaya husika. Kwa kiti hiki zilitakiwa 757. Palmer alikusanya zake haraka haraka, dakika za mwisho. Watu wa Obama wakaenda ofisi ya uchaguzi, wakakaa na madaftari, wakapitia jina moja moja: huyu haishi wilayani, huyu hayumo kwenye daftari, huyu ameandika jina lake kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Wakaweka pingamizi. Palmer akaona hesabu haitoshi, akajitoa. Wagombea wengine watatu wakaenguliwa vilevile. Mmoja wao alileta saini 1,899. Pingamizi zikaondoa 1,211, akabaki na upungufu wa 69.

Kwa msomaji wa Kitanzania maneno pingamizi, kuenguliwa na kupita bila kupingwa hayahitaji maelezo, na najua yanaacha ladha gani mdomoni. Tofauti iliyopo ni kwamba hakuwa mtu wa serikali. Pingamizi hizo zilikuwa silaha ya kila mtu Chicago, na kabla yake zilikuwa zimewaondoa wengi. Hata hivyo, mtu aliyepata umaarufu kwa kuandikisha wapigakura alianza safari yake kwa kuwapunguzia wapigakura hao orodha ya kuchagua. Waliompenda wanaliruka jambo hili, na wasiompenda hawasemi lingine. Mimi naona linaonyesha kitu kimoja: alisoma kanuni mapema kuliko wenzake.

Kazi ya seneta wa jimbo ilikuwa ipi hasa?

Si kazi ya mwaka mzima. Bunge hukutana zaidi miezi ya mwanzo wa mwaka, ndiyo maana aliendelea kufundisha chuoni na kufanya uwakili. Wiki za vikao aliendesha gari kwenda Springfield, analala hotelini, Alhamisi anarudi nyumbani.

Miaka sita ya kwanza alikuwa upande wa wachache. Republican ndio walioshika Seneti, na mswada wa mpinzani ulikuwa unazikwa kwenye kamati bila hata kusomwa. Unaweza kuwa na Harvard nzima kichwani, kama kiongozi wa wengi hataki mswada wako usikike, hausikiki. Alichojifunza ni kutafuta mtu wa upande wa pili wa kushika naye mswada. Mwaka 1998 alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria ya kuwabana wanasiasa wasipokee zawadi, kwenye jimbo ambalo wanasiasa kupokea bahasha halikuwa jambo la kushangaza mtu.

Jioni kulikuwa na karata. Seneta Terry Link alikuwa na meza ya poka, dau la dola moja moja, bia na sigara, na maseneta kutoka vijijini waliokuwa wanamwona profesa huyu wa Hyde Park kama mtu wa kujiona. Walimkaribisha, akaja. Wanasema alicheza kwa uangalifu mno, akitupa karata mbovu mapema na kubaki na hela yake. Kwenye meza ile alipata marafiki ambao mwaka 2004 walimwombea kura maeneo ambayo Mweusi wa Chicago hakuwa na wa kumfungulia mlango.

Jina lake halikumletea shida?

Lilimletea tangu siku za mwanzo. Machi 1997 alipowasilisha mswada wake wa kwanza, Seneta Rickey Hendon, naye Mweusi wa Chicago, alisimama kumtania: hebu tutamkie jina lako vizuri. Halafu akamuuliza kama ni jina la Kiairishi. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiairishi siku atakapogombea kaunti nzima, yaani eneo kubwa lenye jiji la Chicago. Utani huo unaeleweka ukijua kwamba kwa vizazi vingi Chicago ilitawaliwa na familia zenye asili ya Ireland, na jina la aina hiyo kwenye karatasi ya kura ni mtaji.

Baada ya Septemba 2001 utani ukaisha. Jina lililopishana na Osama kwa herufi moja lilikuwa mzigo, na wapo washauri waliomwona amekwisha. Kwetu sisi Barack ni baraka tu. Kule ilibidi alieleze kila alikokwenda, na mwishowe akaligeuza kuwa mlango wa kuingilia kwenye hotuba zake.

Hizi kura za "nipo" ni kitu gani?

Mezani kwa seneta wa Illinois kuna vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha njano nipo. Ukibonyeza njano umehesabiwa kuwa ukumbini, hujaunga mkono wala hujapinga, ila kwa kuwa mswada unahitaji idadi fulani ya kura za ndiyo, "nipo" yako inaudhuru kama hapana. Obama aliibonyeza mara 129 hivi, kati ya kura zipatazo 4,000.

Mara nyingine ulikuwa mkakati wa chama au wa vikundi walivyoelewana navyo, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba iliyowekwa ili kuwategea wabunge wa wilaya ngumu. Mara nyingine aliona mswada una kasoro ya kisheria. Na mara nyingine, tuseme ukweli, alikuwa anakwepa. Mwaka 2008 Hillary Clinton alimchapa nazo kwenye midahalo. Hiyo ndiyo adha ya kutoka bunge la jimbo kwenda juu: kila kitufe ulichobonyeza saa tano usiku miaka tisa iliyopita kina tarehe.

Aliwahi kushindwa?

Alishindwa, na kushindwa huko ndiko sehemu ninayoipenda zaidi katika historia hii.

Mwaka 1999 Bobby Rush, Mbunge wa taifa wa wilaya ya kwanza ya Illinois, aligombea umeya wa Chicago akapigwa vibaya na Richard Daley. Obama akasikia harufu ya udhaifu. Rush alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha Weusi cha miaka ya 1960 kilichodai haki zao, mtu ambaye wakazi wa kusini walimjua tangu ujana wake. Wazee wakamwambia Obama kile kile: subiri zamu. Hakusubiri, akagombea kiti cha Rush.

Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi mtaani akafa. Kampeni ikasimama, na kuanzia siku hiyo kumshambulia Rush kulikuwa kama kutoa maneno msibani. Desemba, Obama akaenda Hawaii kwa bibi yake, na bintiye Malia, mwenye mwaka mmoja na nusu, akashikwa na homa. Springfield wakaitwa haraka kupiga kura ya mswada wa kudhibiti silaha. Mswada ukaanguka kwa kura chache, kiti cha Obama kikiwa kitupu. Alipotua Chicago magazeti yalikuwa yanamngoja. Mzazi yeyote ataelewa kwa nini alibaki na mtoto, lakini jaribu kuwaeleza hivyo wapigakura ambao wanaye jamaa aliyepigwa risasi, huku wewe ukitokea ufukweni.

Juu ya hapo, wapinzani walieneza kwamba huyu si Mweusi wa kweli, ni msomi wa Harvard aliyepandikizwa na Hyde Park. Rais Bill Clinton akarekodi tangazo la redio la kumuunga mkono Rush. Machi 2000 matokeo yakatoka: Rush asilimia 61, Obama 30.

Agosti mwaka huo alikwenda mkutano mkuu wa Democrat Los Angeles. Amesimulia mwenyewe: alipofika uwanja wa ndege kadi yake ya benki ilikataliwa alipotaka kukodi gari. Hakuwa na kibali cha kuingia ukumbini, akatazama hotuba kwenye skrini nje, akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba alikuwa na pa kurudi. Muhula wake wa useneta wa jimbo, alioushinda 1998, ulikuwa wa miaka minne, kwa hiyo mwaka 2000 kiti chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Aligombea ya juu huku ya chini ikimsubiri. Kwetu, anayetoka udiwani kutafuta ubunge mara nyingi anaachia kimoja ili apate kingine, na akikosa anarudi kijiweni. Ratiba ya uchaguzi ya Illinois ilimwokoa.

Alipitisha sheria gani za maana?

Nyingi zilikuja kwa mkupuo mwaka 2003. Novemba 2002 Democrat walishinda Seneti, na Mzee Emil Jones, aliyekuwa kiongozi wa wachache, akawa Rais wa Seneti. Jones amesimulia mara nyingi kwamba Obama alimfuata akamwambia: sasa una uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akauliza, nani? Mimi hapa, akajibiwa. Tangu hapo miswada mizito ikawa inapitia mikononi mwa Obama, jambo ambalo wenzake walioilea kwa miaka hawakulifurahia. Hendon hakuwa peke yake kulalamika.

Sheria inayostahili kuelezwa ni ya kurekodi mahojiano ya polisi. Illinois ilikuwa na aibu: tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977, ilikuwa imeua kwa sindano watu 12, na watu 13 wakatolewa kwenye vyumba vya kusubiri kifo baada ya hukumu zao kutenguliwa. Baadhi walikiri baada ya kuteswa. Januari 2003 Gavana George Ryan, wa Republican, alizibadili hukumu zote za kifo zilizobaki, zaidi ya 160. Obama akaleta mswada wa kuwalazimisha polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi wakapinga, waendesha mashtaka wakapinga, gavana mpya naye hakuutaka. Obama akawaweka chumba kimoja, kikao baada ya kikao: je, kamera ikiharibika? Je, mtuhumiwa akikataa kurekodiwa? Akawa anafuta mstari hapa, anaongeza pale. Mwisho Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge.

Nyingine ni ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, pamoja na kupanua bima ya afya kwa watoto na unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya afya.

Na msimamo wake kuhusu vita vya Iraq?

Oktoba 2, 2002 alihutubia mkutano wa kupinga vita katikati ya Chicago. Hakusema anapinga vita vyote. Alisema anapinga vita vya kijinga. Umati haukuwa mkubwa na vyombo vya habari havikuhangaika. Seneta wa jimbo hapigi kura ya vita, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza bungeni, ila alikuwa anajiandaa kugombea Illinois nzima. Miaka mitano baadaye hotuba hiyo ilikuwa dhahabu.

Alishindaje mwaka 2004?

Kwa kazi, kwa watu, na kwa talaka mbili za watu wengine.

Alitangaza Januari 2003 kwamba anagombea Seneti ya taifa. Mchujo ulikuwa na wagombea saba. Dan Hynes alikuwa na jina la Kiairishi hasa, na baba yake aliwahi kuwa Rais wa Seneti ya jimbo. Blair Hull alikuwa tajiri wa soko la hisa aliyemwaga kwenye mchujo huo dola milioni 29 hivi za mfukoni mwake. Hull alikuwa anaongoza, mpaka wiki chache kabla ya kura nyaraka za talaka yake zilipowekwa wazi, akaporomoka. Matangazo ya Obama, aliyoyasimamia mshauri wake David Axelrod, yalikuwa yamehifadhiwa kwa wiki hizo za mwisho. Machi 16 alipata karibu asilimia 53. Hynes akafuata na 24.

Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye faili lake la talaka likafunguliwa Juni, akajitoa. Chama kikakosa mtu mpaka Agosti, kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, ambaye hata Illinois hakuwa mkazi. Obama akapata asilimia 70. Bahati? Ndiyo. Lakini mchujo aliupita kwa kura za Weusi wa kusini waliomkataa 2000, na za Wazungu wa vitongojini ambao hakuna aliyetarajia wampe.

Kwa hiyo alipohutubia Boston alikuwa na cheo gani?

Julai 27, 2004 alikuwa seneta wa jimbo, basi. Ukitazama mwanzo wa hotuba ile anataja mfugaji wa mbuzi wa Kenya, yaani baba yake, kabla hajataja jambo lolote la siasa.

Kenya ilichukuliaje?

Kwa furaha na kwa utani. Mwaka huo huo wa 2004 Kenya iliingia sokoni bia ya bei nafuu iitwayo Senator, na wanywaji wakaibatiza Obama. Ukiingia baa ukasema nipe Obama, mhudumu hakuuliza mara mbili. Mwenyewe alikwenda Agosti 2006, akafika Kogelo kwa Mama Sarah, bibi yake wa upande wa baba, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi akazungumzia rushwa waziwazi mpaka serikali ikanuna.

Kiti chake Springfield alikichukua nani?

Obama alijiuzulu siku mbili baada ya uchaguzi wa Novemba 2, 2004. Viongozi wa chama wa wilaya wakamteua Kwame Raoul, mwanasheria mwenye wazazi kutoka Haiti. Raoul alikaa kwenye kiti hicho miaka 14, na mwaka 2018 akachaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois.